Ufunguo Usio na Namba

Nilipoajiriwa, chuo kizima kilining'inia kiunoni mwangu:
funguo saba kwenye pete moja ya shaba.
Wa kwanza wa mlango wa Mtaa wa Hobart,
ngazi nyembamba, juu ya gereji ya tramu,
ambako kemia ilisomwa huku chupa zikigongana
kila tramu ya mwisho ilipoingia kulala.
Wa pili wa maktaba, yaani kabati mbili na kiti.
Wa saba sikuwahi kujua ni wa nini.

Walikuja saa moja jioni na makoti ya kiwandani.
Kazimierz Gorzynski, mfua chuma,
alinawa mikono mara tatu kabla ya kugusa kitabu,
na bado kila ukurasa wa jiometria
ulibaki na dole gumba lake.
Waliomfuata walijua alipokwama.

Aliyekosa ada alimnong'oneza karani, Bi. Ottilie,
naye akaandika "imelipwa" kwa penseli
na kulala na deni yeye.

Diwani mmoja alisema mji wa chuma hauhitaji wanafalsafa.
Jumamosi wakasimama mia mbili kwenye theluji,
mbele ya ofisi ya jiji, kila mtu akisoma daftari lake kwa sauti.
Gorzynski alisoma jedwali la logi,
tangu mwanzo, bila kuruka desimali.
Kura ikapita. Tukawa mali ya umma.

Mali ya umma. Nilidhani ni maneno mepesi.

Kisha chuo kikataka uwanja,
na ramani ikaangukia Mtaa wa Linden,
nyumba sitini na tatu za watu weusi
waliopanda treni kutoka Alabama na godoro na sufuria.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mgeni alikuja na tingatinga.

Bi. Odessa Tolliver alifagia kibaraza asubuhi ileile,
akafunga mlango, akanijia moja kwa moja.
"Wewe ndiye mwenye funguo za chuo?"
Ndiye, nikasema.
"Basi na huu ni wenu."
Nyumba iliangushwa saa tano, mlango ukiwa umefungwa.

Ufunguo ule sikuuchonga namba.

Tukakua. Lo, tulivyokua!
Mnara wa saruji, na lifti
isimamayo ghorofa ya tisa bila kuitwa na mtu.
Shule ya wauguzi. Maabara yenye mlango wa risasi.
Funguo mia nne; mkanda ukanishusha suruali.
King'ora cha kiwanda kilipokoma kulia
madarasa yalijaa wanaume wenye mvi
walioshika kalamu kama tindo,
na nyuma yao akina mama wa Kihmong,
watoto migongoni, wakinakili ubao wote,
hata tarehe, hata vumbi la chaki.

Kuna majira ya kuchipua wanafunzi waliteka ofisi ya msajili:
walitaka Mtaa wa Linden ufundishwe darasani.
Nikaamriwa nivunje kitasa.
Nilisema tindo nimeisahau nyumbani.
Katika miaka arubaini na mitano
hiyo tu ndiyo ilikuwa hiana yangu,
na tindo ilikuwa mfukoni, ikinichoma paja.

Sasa ni kadi. Unapunga, taa inakuwa kijani.
Kijana wa kompyuta, Anselm, adabu tele,
alikuja kuhesabu shaba yangu kabla sijastaafu.
Mia sita na kumi na moja. Fomu yake ilisema mia sita na tisa.
Ule wa saba tuliuweka kando; tulicheka.
"Na huu, wa mlango gani?"

Nikamchukua hadi maegesho ya magari,
kati ya nafasi ya arubaini na arubaini na moja,
ambapo kila mwaka mnanaa unapasua lami
na kila mwaka wanamwaga lami nyingine.
Hapa, nikamwambia.
Akatazama chini, akatazama huku na huku, akitafuta.
Kisha akaandika: *mlango haupo*.

Futa, nikamwambia.
Andika: *umefungwa*.